Inua Jamii kwa nyanya anayelea wajukuu: elfu mbili na kidole kimoja

Mtoto akifiwa na mama, au akiondolewa kwenye nyumba ya kipigo na ulevi, mara nyingi hafiki kwenye makao ya watoto. Hufika kwa nyanya. Huko Siaya atamwita dani, Kakamega kukhu, Mombasa bibi, na kote huko hufika na begi moja la nguo bila karatasi hata moja. Huduma ya serikali ya Kenya inayoigusa nyumba kama hiyo kwa karibu zaidi ni ile ruzuku ya watoto mayatima na walio katika mazingira magumu, iliyo ndani ya Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa maskini pesa taslimu. Ofisini huitwa CT-OVC, mtaani ni pesa za mayatima. Tumeipima hapa kwa jicho la mlezi mzee: anapata nini, anadaiwa nini, na kamba hukatikia wapi.

Mpango ulianza mwaka 2004 kwa majaribio, nyumba 500 tu za Kwale, Garissa na Nairobi, UNICEF ikishikana mkono na serikali. Wakati huo kila nyumba ilipewa shilingi 500 kwa mwezi. Kiwango kikapanda hadi 1,500, kisha 2,000, na hapo kwenye 2,000 kimekaa zaidi ya miaka 10 huku unga, sukari na mafuta taa vikiendelea na safari yao. Jambo ambalo wengi hulielewa baada ya kuandikishwa ni kwamba pesa hizi ni za nyumba, hazihesabiwi kwa kichwa cha mtoto. Nyanya mwenye mjukuu mmoja na nyanya mwenye watano hupokea sawasawa.

Piga hesabu. Elfu mbili kwa siku 30 ni shilingi 66 na senti kidogo. Nyumba ya nyanya na wajukuu watatu ni watu wanne, kwa hiyo ni kama shilingi 17 kwa kila mmoja kwa siku. Tuseme pakiti ya unga ya kilo mbili ni 150, na nyumba hiyo inamaliza pakiti moja kwa siku mbili: mwezi mzima ni pakiti 15, shilingi 2,250. Unga peke yake umeshaimeza ruzuku yote na kubaki na deni dukani. Asiyelipiga hesabu hili mapema huahidi watoto viatu kwa pesa ambayo tayari imeliwa.

Hata hivyo hatuwezi kuidharau. Ni miongoni mwa ruzuku zilizochunguzwa kwa kina Afrika, kuanzia uchunguzi wa 2007 hadi 2009, na majibu yalikuwa mazuri kuliko wabezaji walivyotarajia. Watoto wengi zaidi waliingia sekondari. Vijana wa nyumba zilizopokea walichelewa kuanza ngono kuliko wa nyumba zisizopokea. Ila nyumba ndogo zilinufaika kuliko kubwa, na sababu ni ile hesabu ya hapo juu. Kwa hiyo nyanya mwenye mjukuu mmoja au wawili aifuate kwa bidii. Mwenye watano aifuate pia, lakini asiifanye mhimili wa nyumba.

Kasoro ya kwanza iko mlangoni. Vigezo vya mpango viliandikwa enzi za ukimwi, na vinamtafuta mtoto aliyefiwa na mzazi mmoja au wote wawili, au ambaye mzazi au mlezi wake ana ugonjwa wa muda mrefu, tena katika nyumba maskini sana. Mtoto aliyekimbia kipigo hana nafasi iliyo wazi kwenye orodha hiyo. Baba yake yu hai na ana nguvu zake, mama yuko mjini, simu haipatikani. Kwenye baraza mtu atasimama aseme, huyu si yatima, wazazi wake tunawajua. Na kwa kanuni hajakosea. Mlezi wa mtoto wa namna hii asitegemee mdomo wake siku ya uandikishaji. Aende na barua ya afisa wa watoto inayoeleza kwa nini mtoto aliondolewa kwao. Kama suala halijawahi kuripotiwa, namba 116 ni ya bure, usiku na mchana, na ripoti hiyo ndiyo huanzisha faili.

Hapo pana mkanganyiko unaowachosha wazee. Pesa na mtoto viko chini ya milango miwili. Ulinzi wa mtoto, yaani kuondolewa kwao, kukabidhiwa kwa nyanya, kufikishwa kwenye Mahakama ya Watoto, ni kazi ya afisa wa watoto wa kaunti ndogo. Ruzuku iko kwa maafisa wa misaada ya kijamii. Mara nyingine wako jengo moja, mara nyingine ni nauli nyingine. Kabla ya kupanda gari, uliza kwa naibu wa chifu ni mlango upi, na akupe barua yenye muhuri. Barua bila muhuri ni karatasi ya kufungia njugu.

Sasa karatasi. Hapa ndipo tutakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo wengi hukwama.

Kitambulisho cha nyanya lazima kiwe chake, kisomeke, na jina lilingane na la laini ya simu au akaunti. Cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto ndicho kisiki kikubwa. Mtoto asiyeandikishwa ndani ya miezi sita ya kuzaliwa huingia kwenye usajili wa kuchelewa, na fomu zake huanzia kwa naibu wa chifu wa eneo alikozaliwa, wala si mahali anapoishi sasa na nyanya. Watu hupoteza wiki nzima kwa kutojua hilo. Beba kadi ya kliniki, kadi ya ubatizo au barua ya shule, na nakala ya kitambulisho cha mama. Kama mama amefariki, inatakiwa cheti cha kifo. Kama alifia nyumbani na kifo hakikuandikishwa, anza na kifo kwanza, ndipo urudi kwenye kuzaliwa. Ukigeuza mpangilio huo utarudishwa.

Kuhusu jina la baba, zamani mama asiye na ndoa hakuweza kuliweka bila baba mwenyewe kukubali. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilitamka kuwa kifungu hicho, cha 12 katika sheria ya usajili wa vizazi na vifo, kinapingana na Katiba. Lakini nyanya asingoje jina la baba ndipo aombe cheti. Cheti chenye jina la mama pekee ni cheti kamili.

Kisha weka karatasi zote mezani kwa pamoja na usome majina herufi kwa herufi. Kadi ya kliniki inasema Mwanaisha, shule imeandika Mwana Aisha, ubatizo wa dada yake umeandika Esta na cheti kinasema Esther. Karani wa kompyuta haoni mtoto mmoja hapo, anaona wawili. Rekebisha shuleni kwanza, kwa sababu huko ndiko rahisi, kabla kosa halijaingia kwenye mitihani ya taifa. Toa nakala tatu za kila kitu. Nakala halisi zisibebwe kwenye basi ila siku zinapodaiwa. Zifungie kwenye mfuko wa plastiki, juu, mbali na panya na paa linalovuja.

Tukija kwenye malipo, njia imebadilishwa mara nyingi kiasi cha kumchanganya hata kijana: posta, kisha akaunti za benki na maajenti wake kuanzia 2018, kisha simu ya mkononi kuanzia 2024. Kabla ya kila safari, uliza njia inayotumika sasa. Namba ya bure ya Inua Jamii ni 1533, na ndiyo ya kupiga pia pesa isipoonekana. Andika tarehe uliyopiga na alichosema aliyepokea, kwenye daftari la shule la mjukuu kama hakuna lingine.

Kwa malipo ya simu, kosa la kawaida ni laini. Miaka iliyopita mwana au jirani alimsajilia nyanya laini kwa kitambulisho chake mwenyewe, na hakuna aliyekumbuka mpaka pesa ikakataa kuingia. Kwa Safaricom bonyeza *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Kama hiyo anayotumia haimo, aende dukani kwao na kitambulisho, asajiliwe upya. La pili ni pini. Mjukuu wa darasa la sita ndiye husoma ujumbe, ndiye hujua pini, na siku moja jirani anayejifanya msaidizi huijua pia. Kutoa 2,000 kwa wakala hukatwa shilingi 29, kwa hiyo nyanya anayetoa 500 mara nne hulipa makato mara nne. Atoe mara moja, anunue unga na sabuni siku hiyo hiyo.

Palipo na mashine ya alama za vidole, tatizo ni mikono yenyewe. Mikono iliyolima na kufua miaka 50 imelainika alama zake. Mashine inalia, ajenti anasema rudi kesho. Kabla ya kuondoka, mwombe ajaribu hivi: nyanya afute vidole kwa kitambaa chenye maji, avikaushe, apake mafuta kidogo sana na kuyafuta, kisha akandamize polepole bila kuburuta. Kidole kikavu sana hakisomeki, na kilicholowa pia hakisomeki. Ikishindikana, jaribu cha kati au cha mkono wa pili, ndiyo maana siku ya kusajiliwa ni vizuri vidole vyote vichukuliwe badala ya gumba moja.

Hili la kidole ndilo linatufanya tuunyime mpango huu alama za juu. Nyumba ina watoto watatu au wanne, na riziki yao imefungwa kwenye mwili wa mtu mmoja mzee. Akilazwa, pesa hulala naye. Asipozichukua kwa muda mrefu, nyumba hushukiwa kuwa haipo tena na huweza kuondolewa. Akifa, watoto wanaopoteza mama wa pili wanapoteza na ruzuku, katika wiki ileile. Fomu ina nafasi ya mlezi wa pili, na hiyo ndiyo sehemu ambayo huachwa wazi mara nyingi. Ijazeni. Awe mtu mzima mwenye kitambulisho, anayeishi karibu, na ambaye watoto wenyewe wangemchagua. Tunaliweka hilo la mwisho makusudi: mtoto aliyetolewa kwenye nyumba ya kipigo asirudishwe huko na fomu, eti kwa kuwa baba ndiye jamaa wa karibu.

Mlezi akifariki, peleka taarifa kwa chifu na afisa wa misaada mapema, na kibali cha mazishi, kitambulisho cha mlezi mpya na vyeti vya watoto. Usitumie pini ya marehemu hata kama mna njaa. Ikigundulika, ni nyumba nzima inayofungiwa, na kesi juu yake.

Ulezi wenyewe wa kisheria ni suala jingine. Kumpokea mjukuu kwa roho safi hakumpi nyanya karatasi yoyote ya kumzuia mzazi anayetokea Desemba na kumchukua mtoto akaanze kazi. Sheria ya Watoto ya 2022 inatoa njia ya kuteuliwa mlezi, kwa wasia wa mzazi au kwa amri ya mahakama. Kwa mtoto mwenye historia ya ukatili tunaona amri hiyo inastahili usumbufu wake. Kwa yatima ambaye hakuna anayemgombea, barua ya chifu na ya afisa wa watoto zimekuwa zikitosha kwa shughuli nyingi za shule.

Afya tutaipitia haraka. Tangu Oktoba 2024 bima ya afya ya serikali ni SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF, na kwa nyumba isiyo na mshahara kima cha chini ni 300 kwa mwezi, hulipwa kwa mwaka mzima, yaani 3,600. Hiyo ni karibu ruzuku ya miezi miwili. Nyanya ajisajili hata kabla hajapata pesa hiyo, kwa sababu huduma za msingi kwenye zahanati na vituo vya afya zimewekewa mfuko wake kwa waliosajiliwa. Wajukuu wakiingizwa kama wategemezi, vile vyeti vya kuzaliwa ndivyo vitakavyodaiwa tena.

Na basari. Ruzuku haitoshi karo, wala haikukusudiwa. Fomu za NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa eneobunge, huomba cheti cha kifo cha mzazi au barua ya chifu, na ipo basari ya rais ya sekondari kwa watoto wa aina hii inayopitia idara ya watoto. Anayeiomba ni nani? Mwenye faili tayari. Ndiyo maana tunasema mfuko ule wa plastiki una thamani kuliko elfu mbili zenyewe.

Hesabu pia siku ya mwisho. Mtoto wa mwisho akifikisha miaka 18, nyumba inatoka kwenye mpango, hata kama yuko kidato cha tatu kwa sababu alianza shule akiwa amechelewa. Miaka miwili kabla ya hapo, tazama mwaka wa kuzaliwa kwenye kitambulisho cha nyanya. Ruzuku ya wazee ni ya miaka 70 na kuendelea, na wazee wengi waliandikiwa mwaka wa kukisia siku walipochukua kipande. Kama kitambulisho kinasema 66 na kijiji kizima kinajua ametimiza 74, marekebisho yaanze sasa kwa msajili wa watu, mtoto angali na miaka 16.