Hamburg: achana na boti ya watalii, panda pantoni namba 62

Nilikaa Hamburg siku nne, mwezi wa tano, na hela yangu ya kwanza niliitupa kwenye boti ya watalii. Saa nzima maelezo ni Kijerumani tu, spika inakwaruza, wenzangu wanacheka na mimi natabasamu kwa adabu. Nilichokiona vizuri ni mgongo wa mzee aliyekaa mbele yangu.

Kesho yake nikagundua kwamba pale pale Landungsbrücken, kwenye gati la boti, inaondoka pantoni namba 62. Ni usafiri wa umma, tiketi ya treni na basi ndiyo hiyo hiyo. Mimi mtu wa Kigamboni, pantoni hainitishi, lakini hii inakuja kila robo saa na hakuna wa kukukanyaga. Panda juu, uvae koti zito, upepo wa mto Elbe hauna huruma. Kulia unaona mji, kushoto vyelezo vya kutengenezea meli vimeinua meli nzima nzima juu ya maji.

Shuka Övelgönne. Hapo kuna ufukwe wa mchanga, na ng'ambo ni makontena na kreni. Bahari iko mbali, kama kilomita 100, lakini maji yanajaa na kupwa vile vile. Ilipita meli ya makontena, kimya, ndefu haiishi. Watu wakaanza kuokota viatu vyao, mimi nikawashangaa. Baada ya muda kidogo wimbi lake likafika, raba zangu zikalowa chapachapa.

Njia ya chini ya mto nayo usiikose. Ni ya mwaka 1911, mita 426, na kwa mtembea kwa miguu ni bure. Ukutani kuna vigae vyenye samaki na kaa wa kufinyangwa. Ukitokea upande wa pili, geuka nyuma: hapo ndipo mji unapigwa picha nzuri.

Elbphilharmonie, ule ukumbi wa muziki, nilipanda hadi barazani, nikaangalia, nikashuka. Speicherstadt, yale maghala ya matofali mekundu, nilizunguka nusu siku. Kahawa, chai na viungo vya dunia vilipita humo. Wafanyabiashara wa Hamburg walikuwa na nyumba zao za biashara Zanzibar tangu karne ya 19, na Dar ni mji dada wa Hamburg tangu 2010. Nilimwambia mwenyeji wangu, hakuwa na habari. Alinijibu "Moin", salamu yao ya asubuhi mpaka usiku, akaendelea na kazi zake.

Jumapili niliamka saa kumi alfajiri kwenda Fischmarkt, soko la samaki, maana saa tatu na nusu wanafunga. Wauza ndizi wanapayuka kama wako Kariakoo. Nikanunua mkate wenye samaki hering wa siki, hajaona moto, na vitunguu vibichi juu. Nikauangalia kwanza. Nikaomba pilipili, muuzaji akanisogezea chupa ya haradali.

Nikala miwili.