Fundi wa kompyuta wa Langoni, makro yangu imeamka
Sisi tuna nyumba ya wageni hapa Lamu, vyumba sita tu, na buking zote ziko kwenye faili moja ya Excel alonitengenezea binamu yangu wa Mombasa. Asubuhi ukiifungua makro, yaani kijiprogramu kilichomo ndani ya faili, inajiendesha yenyewe, inakuonesha nani anafika leo na anashukia wapi, Manda kwa ndege au Mokowe kwa basi, ndio nahodha ajue boti aipeleke wapi. Juzi binamu akairekebisha akanitumia mpya kwa imeili, nikafungua, kimya. Mama mmoja na mtoto mchanga wakakaa Mokowe saa nzima juani hakuna wa kuwachukua, iliniuma sana wallahi.

Nilianza kwa fundi mwengine, simtaji. Akaruhusu makro zote za kila faili, haikusaidia kitu, akasema lazima afute Windows aweke upya, 2,500. Nikachukua laptopu yangu nikaondoka.

Huyu wa Langoni, mtaa wa hapa hapa Lamu, ni kijana tu, duka liko uchochoroni. Cha kwanza alichofanya alikopi faili akafanya kazi kwenye kopi, hapo moyo ukatulia. Juu kulikuwa na ule mstari mwekundu unaosema makro zimezuiwa, kumbe tangu 2022 Microsoft walianza kuzuia makro za faili zilizotoka intaneti, na ya imeili imo humo humo, kile kitufe cha kuruhusu hata hukioni. Akafunga faili, akaibonyeza kwa kitufe cha kulia cha mausi, Properties, chini kabisa akatia tiki kwenye Unblock. "Hii dada utie kwa faili ya mtu unaemjua peke yake."

Akafungua, bado kimya. Akabonyeza Alt na F11 zikatoka kodi, yaani maandishi ya makro yenyewe, akanigeuzia skrini nione: Workbook_Open, ile sehemu ya kujiendesha faili ikifunguliwa, imebandikwa kwenye ukurasa wa Module1. "Ikikaa hapa, faili ikifunguka Excel haiitafuti, kwao ni ThisWorkbook." Akaikata akaibandika kwao, dakika haikufika. Mimi nilidhani basi tumemaliza, yeye akaendelea kushuka na kidole mstari kwa mstari mpaka akakuta juu imeandikwa EnableEvents, swichi ya Excel kuitikia matukio kama faili kufunguka, ni False (imezimwa) na chini kabisa ndio inarudishwa True (imewashwa), yaani makro ikikwama katikati haifiki kule chini na matukio yote yanabaki yamezimwa mpaka ufunge Excel yenyewe uifungue upya. Akaongeza mstari wa kuirudisha hata kukitokea hitilafu. Na ile seting ya makro zote akairudisha kama zamani bila kumwambia, akanionya nisije nikaseivu kama xlsx maana kodi zote zitapotea, iwe xlsm.

Mwisho akafunga Excel yote akafungua faili, mara tatu, na mara zote tatu orodha ikatoka.

600 kwa M-Pesa. Kiti cha mteja ni kimoja, na akifunga adhuhuri harudi mpaka saa tisa, mimi nilifika saa saba ikabidi nirudi nyumbani na jua lile, kwa hivyo nendeni asubuhi.

Leo nimefungua, majina mawili, wote Manda, nahodha keshatoka.