MPH ya Muhimbili au MBA ya afya ya Strathmore?

Kama ndoto yako ni kuongoza hospitali au idara ya afya, hizi mbili zinachanganya watu sana. MPH ni masters ya afya ya jamii, pale MUHAS (ndo Chuo Kikuu cha Muhimbili) Upanga, Dar, utakutana na epidemiolojia (jinsi magonjwa yanavyosambaa kwa watu), takwimu, mifumo ya afya, halafu ujiandae kwa utafiti na kusubiri kibali cha maadili (hapo uvumilivu unahitajika jamani). Ukimaliza unaweza kusoma data za DHIS2 (mfumo wa kompyuta wa taarifa za afya) ukaona kabisa wilaya gani chanjo zimeshuka, ukaanza kutafuta kwa nini. Ukitaka kuwa mganga mkuu wa wilaya (kama tayari ni daktari), au kufanya kazi wizarani au kwenye miradi, hii ndo inakufaa.

MBA ya Healthcare Management, yaani masters ya biashara upande wa uendeshaji wa huduma za afya, ya chuo cha Strathmore, Nairobi, ni habari nyingine. Huko ni hesabu za fedha, rasilimali watu, stratejia, ununuzi wa dawa na vifaa. Fikiria hospitali binafsi inayoishi kwa malipo ya bima, madai yakirudishwa au yakichelewa mishahara inayumba, sasa hapo epidemiolojia haikusaidii sana, unahitaji mtu anayejua mzunguko wa pesa. Ila ada za bizinesi skuli si mchezo, na kama unatoka Bongo ongeza nauli na malazi.

Mimi kwa nesi au daktari aliyeshazoea wodi ningesema MBA, maana ugonjwa anaujua, bajeti ndo hajui. Uliyetokea uhasibu anza na MPH, ila hakikisha kwanza sifa za kujiunga zinakuruhusu.