Kipandauso: propranololi au akupancha (tiba ya sindano)?
Zote mbili ni kinga. Kichwa kikishaanza kugonga, meza dawa ya maumivu mapema. Propranololi ni vidonge vya kila siku, kwa kawaida miligramu 80 hadi 160. Mwenye pumu asiiguse, na ukiiacha ghafla moyo waweza kwenda mbio.

Akupancha inataka muda: mwongozo wa NICE, taasisi ya miongozo ya tiba ya Uingereza, unataja hadi vikao 10 ndani ya wiki 5 hadi 8. Sindano nyembamba huchomwa, mathalani kati ya kidole gumba na cha shahada, zikaachwa dakika 20 hivi. Tuseme ukweli, hazizidi sana sindano za kuigiza (za bandia, za kulinganishia kwenye utafiti), ila madhara ni machache kuliko ya vidonge: kizunguzungu, damu kuvilia kidogo. Pakiti ya sindano ifunguliwe mbele yako. Vikao viwili havitoshi kuhukumu.