Mkahawa wa South B ninaofanyia kazi: kahawa, ndengu na soketi za ukutani

Kazi yangu ni kuhariri vitabu vya shule, na nyumbani meza ni moja tu, tena ya watoto. Kwa hiyo siku nyingi za wiki utanikuta kwenye mkahawa mdogo hapa South B, upande wa Plainsview, mahali unapofika kwa miguu kutoka Hospitali ya Mater. Nimewahi kufanyia kazi mikahawa mingi ya Nairobi, hata ile mikubwa iliyo ndani ya majumba ya biashara. Huu ndio ninaowaambia marafiki waje, na sababu ya kwanza ni kahawa yenyewe.

Nchi hii inakuza kahawa inayogombaniwa ng'ambo, lakini nyingi husafirishwa na sisi tukabaki watu wa chai. Ukiagiza kahawa mahali pengi mtaani utaletewa kikombe cha maji moto na kopo la unga, ujichanganyie. Hapa kijana wa kahawa anaweka punje kwenye mizani, anazisaga ukiwa umesimama palepale, kisha anamimina maji kidogo tu na kungoja. Unga unavimba, mapovu yanatokeza, harufu inapanda mpaka meza ya dirishani. Ndipo anapomimina yaliyobaki, polepole, akizungusha birika. Kahawa iliyokaa muda mrefu baada ya kukaangwa haivimbi hivyo, kwa hiyo ukitazama tu unajua unachouziwa.

Yeye ndiye aliyenieleza kwamba ile AA inayoandikwa kwenye pakiti ni ukubwa wa punje, unaopimwa kwa chekeche. Ladha ni habari nyingine kabisa. Siku akiwa na PB, zile punje za mviringo ambazo hukua moja ndani ya tunda badala ya mbili, mimi huacha AA bila kufikiri mara mbili. Swali lake la asubuhi ni lilelile: "Dada, leo nikuwekee ya Nyeri ama ya Kirinyaga?" Mimi huchagua ya Nyeri. Ina uchachu mtamu kama wa zambarau iliyoiva, na inaendelea kuwa tamu hata ikipoa. Tafadhali usiitie sukari kabla ya kuionja.

Nyingi ya kahawa wanayopika ni ya aina ya SL28, iliyochaguliwa miaka ya 1930 na watafiti wa maabara ya Scott kule Kabete. Nilifurahi sana kulijua hilo. Mbegu inayosifiwa na wanywaji kahawa wa dunia nzima ilichaguliwa hapa kwetu, na bado kuipata ikiwa imepikwa vizuri mtaani ni kazi. Mkulima naye inamtesa: haihimili ugonjwa wa matunda wala kutu ya majani, na kunyunyizia dawa ni gharama. Ruiru 11, aina nyingine ya kahawa iliyotolewa mwaka 1985, ilikuja kumpunguzia mzigo huo. Kwa hiyo nikilipa shilingi 250 kwa kikombe sinung'uniki. Najua wengine wataona ni ghali, na kwa kweli chai yao ya tangawizi, inayochemshwa na maziwa kwenye sufuria, ni nafuu zaidi na haina kasoro.

Chakula ni kidogo kwa aina lakini kimepikwa. Asubuhi kuna mandazi yenye iliki ya kutosha. Mchana agiza chapati na ndengu. Mama wa jikoni hasukumi chapati mpaka uagize, kwa hiyo utangoja, lakini inafika ikiwa laini, matabaka yanaachana ukiishika, na ndengu zake ni nzito, zina karoti na dania, hazielei kwenye maji. Ongeza kachumbari. Sandwichi ya kuku ni ya kawaida, keki sizili.

Sasa kazi. Intaneti yao inatosha kutuma mafaili makubwa ya kurasa zenye picha, na stima ikipotea, jambo tunalolijua sote, betri za akiba zinabeba ruta na taa. Mashine ya espreso inakula umeme mwingi, kwa hiyo yenyewe inazima na kapuchino inasimama. Ya kuchujwa haisimami: maji yanachemshwa kwa gesi na punje zinasagwa kwa mashine ya mkono. Kuna mchana mtaa mzima ulikuwa gizani na mimi nikamaliza sura nzima ya kitabu cha sayansi, kikombe kikiwa pembeni.

Kasoro zipo. Soketi ziko ukuta mmoja tu, na anayefika baada ya saa tatu asubuhi atategemea chaji aliyotoka nayo nyumbani. Viti vya mbao vinaumiza mgongo; ningeomba mwenye mkahawa anunue hata mito. Saa saba wafanyakazi wa Industrial Area wanaingia kwa wingi, kelele zinapanda, na simu ya video haiwezekani. Ukiwa na mkutano wa kikazi tafuta mahali pengine.

Wahudumu hawajawahi kunitazama vibaya kwa kukaa, lakini mkahawa mdogo unaishi kwa meza zake. Mimi huagiza kitu kila baada ya saa mbili hivi, na chakula cha mchana kikianza nahamia kwenye kaunta ili meza ya watu wanne ipate watu wanne. Malipo ni kwa M-Pesa au pesa taslimu. Jumamosi njoo na familia, kompyuta iache nyumbani: watoto huwa wengi na meza hazipatikani. Ukitaka kiti cha karibu na soketi, njoo Jumanne au Jumatano saa mbili asubuhi, mandazi yakiwa bado ya moto.