Rifraktomita ya asali: inafaa hasa mvua ikikaribia

Nafuga nyuki nyuma ya nyumba hapa Bahati, Nakuru, kwenye mizinga ya Langstroth, ile ya masanduku yenye fremu za kutoa. Mavuno yanayonitia wasiwasi ni yale ya mwisho wa kiangazi, mwezi wa Machi, mawingu yakishatanda upande wa Menengai. Ukivuna mapema, asali ina maji. Ukichelewa, mvua inashika, nyuki hawatoki, na akiba wanaila wenyewe.

Rifraktomita, kifaa cha kupima maji kwenye asali, niliyonunua ni ya mkononi, haina betri. Unapaka tone la asali kwenye kioo, unafunika, unaielekeza kwenye mwanga na kusoma pale buluu inapokutana na nyeupe. Yangu inasoma maji kuanzia asilimia 12 hadi 27. Asali ya kuuza isizidi 20, lakini mimi nataka iwe chini ya 18 ndipo nilale bila kuwaza chupa zinazochacha.

Zamani nilitegemea macho tu: sega likifunikwa nta robo tatu, navuna. Kanuni hiyo naifuata bado, ila hewa ikiwa na unyevunyevu haitoshi. Katika supa moja, yaani sanduku la juu la asali, fremu ya pembeni iliyofunikwa yote ilisoma 18, na ya katikati yenye vitundu vilivyo wazi ikasoma 22. Ile ya katikati niliirudisha. Kwa hiyo usipime kwenye nta peke yake. Chukua tone kwenye vitundu vilivyo wazi pia.

Ninacholalamikia ni karatasi ya maelekezo. Kuhusu kurekebisha kipimo, hakuna la maana. Wengi hutumia maji, lakini kwa kipimo cha asali hayafai kabisa, kwani yanaangukia nje ya mizani. Tumia yale mafuta maalumu yanayokuja nayo. Yakiisha, mafuta safi ya zeituni yanasaidia: husoma takriban 71 au 72 kwenye mizani ya Brix, ile ya kupima sukari. Tena acha tone lipoe kwanza kiasi cha nusu dakika.

Rifraktomita isichokuambia ni kiasi cha kuwaachia nyuki. Hawa wetu wakikosa chakula wakati wa mvua hawabembelezeki, wanahama. Mimi navuna supa tu, asali ya chumba cha malkia siigusi.

Bei si mbaya kwa mwenye mizinga kadhaa. Mwenye mmoja aazime kwa jirani, ila airudishe ikiwa imefutwa.