Nimesoma "The Girl with the Dragon Tattoo" msimu wa korosho

Kitabu hiki cha upelelezi cha Mswidi Stieg Larsson ni kizuri, ila kinaanza kwa kukuchosha. Ukishamaliza zile kurasa chache za mwanzo zenye mzee na ua lake, unatumbukizwa kwenye kesi ya Mikael Blomkvist, mwandishi wa habari wa Stockholm aliyeshindwa mahakamani kwa kumkashifu tajiri mmoja anayeitwa Wennerström, akapewa kifungo cha miezi 3. Hapo ni hisa, makampuni hewa na fedha zilizopelekwa Poland, mpaka usingizi unakuchukua. Nilikuwa nakaribia kukirudisha. Kijana tunayefanya naye kazi, ambaye alishakisoma, akaniambia, "Dada, we vumilia afike kisiwani." Basi nikavumilia.

Kisiwani ndipo penyewe. Mzee Henrik Vanger, miaka 82, tajiri wa viwanda, anamwita Blomkvist katika mji wa kubuni wa Hedestad, kaskazini mwa Stockholm, amchunguzie kupotea kwa Harriet, mjukuu wa kaka yake. Binti alitoweka mwaka 1966 akiwa na miaka 16. Siku hiyo lori la mafuta lilipata ajali darajani, njia ikafungwa, kisiwani hakuingia mtu wala kutoka kwa gari. Harriet hakuonekana tena, si mzima si maiti. Na kila mwaka, siku ya kuzaliwa ya mzee, inafika bahasha yenye ua lililokaushwa ndani ya fremu, zawadi ileile ambayo Harriet alikuwa akimpa. Waliokuwepo kisiwani wengi ni wa ukoo mmoja, na ukoo wenyewe haupikiki chungu kimoja: kuna ndugu waliokuwa Wanazi, kuna wasiosalimiana, kuna wanaoishi nyumba jirani na hawajawahi kupigiana hodi. Majina ni mengi mno. Nilichora mti wa ukoo nyuma ya daftari la zamani, na bado nikawa nawachanganya Birger na Harald.

Mimi ni karani wa chama cha msingi cha wakulima wa korosho huku Tandahimba, na kwa nini nimekipenda kitabu hiki inatokana na kazi yangu. Gunia likipungua ghalani hatumwiti Willy Gamba, yule mpelelezi wa riwaya za Elvis Musiba, na bastola yake. Tunafungua daftari la mapokezi, tunaliweka pembeni ya karatasi ya mizani na stakabadhi ya ghala, tunashuka mstari kwa mstari mpaka tarakimu moja igome. Stieg Larsson anapeleleza hivyohivyo. Katika daftari la Harriet kuna majina matano na namba, ambazo polisi walidhani ni za simu wakahangaika nazo miaka. Halafu Blomkvist anakwenda kwenye ofisi ya gazeti la mji kutafuta negativu za picha za gwaride la watoto la siku ileile binti alipopotea. Anazipanga moja baada ya nyingine kwenye kompyuta, na hapo anaona kitu ambacho picha moja peke yake isingekionyesha: Harriet anacheka na wenzake, kisha anageuza macho ng'ambo ya barabara, na uso unambadilika. Kaona nini? Picha haionyeshi. Lakini nyuma yake kuna mwanamke mwenye kamera, naye ameielekeza kulekule binti anakotazama. Kwa hiyo kazi inakuwa kumtafuta mgeni asiyejulikana jina, aliyepita mjini miaka karibu 40 iliyopita, na kujua kama picha yake bado ipo. Nilisoma sehemu hiyo mnada ukiwa umeahirishwa, nimekaa juu ya magunia, na mkulima mmoja alinisalimia mara mbili kabla sijamsikia. Sitasema zaidi.

Lisbeth Salander, huyo mwenye tattoo, ana miaka 24 na anafanya kazi ya kuchunguza watu kwa kampuni ya ulinzi. Tattoo yenyewe haina uzito mkubwa kwenye hadithi, wala haiwezi kumshtua mtu aliyekua akitazama nembo, zile chale, kwenye nyuso za bibi zetu wa Kimakonde. Kinachoshtua ni kwamba mahakama imemtangaza hawezi kujisimamia, ikamwekea msimamizi. Mshahara ni wake, jasho ni lake, lakini akitaka kununua kompyuta lazima akaombe, na yule mwanasheria aliyekabidhiwa fedha zake anamwekea masharti ambayo siyaandiki hapa. Hapo nilikifunga kitabu nikatoka nje nikanywe maji. Niseme wazi kwa wanaotaka kuwapa watoto: kuna ubakaji, umeandikwa bila kupindisha, na baadaye kuna kisasi ambacho nacho kinahitaji moyo. Kila sehemu ya kitabu inafunguliwa na takwimu ya ukatili dhidi ya wanawake nchini Sweden, ya kwanza ikiwa asilimia 18 waliowahi kutishwa na mwanaume. Mwanafunzi wa sekondari, hapana. Asubiri.

Blomkvist mwenyewe simwamini sana. Kila mwanamke anayemkaribia anaishia kitandani kwake, na hakuna anayegombana na mwenzake. Hilo lingetokea Mtwara tungelisikia mpaka Newala. Kahawa nayo wanakunywa asubuhi, mchana na usiku wa manane, na mikate yenye jibini juu, mpaka nikaanza kuruka hizo aya. Kosa kubwa zaidi liko mwishoni. Fumbo la Harriet likishafumbuliwa, kitabu hakiishi. Kinarudi kwa Wennerström na makampuni yake, kurasa nyingi tu, kana kwamba tulikuwa tunamuulizia.

Nimekisoma kwa Kiingereza, tafsiri ya Reg Keeland iliyotoka Uingereza mwaka 2008. Hilo jina si la kweli. Mtafsiri ni Mmarekani Steven T. Murray, ambaye hakufurahia jinsi mhariri alivyoichezea kazi yake, akaamua jina lake lisiwekwe. Kiingereza chake ni chepesi, sentensi fupi, kamusi nilishika mara chache. Mwenye Kiingereza cha kidato cha nne atafika, mradi asitishwe na majina ya mitaa ya Stockholm.

Larsson hakuona hata moja ya riwaya zake ikiuzwa. Alikufa kwa ugonjwa wa moyo Novemba 2004, akiwa na miaka 50, na hiki kikatoka kwa Kiswidi mwaka 2005. Mwenzi wake, Eva Gabrielsson, aliishi naye zaidi ya miaka 30 bila ndoa, na mali yote ikaenda kwa baba na mdogo wa marehemu. Kwetu angalau Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 160, inamdhania mke mwanamke aliyeishi na mwanaume miaka 2 na kuendelea wakijulikana kama mke na mume, ingawa sote tunajua ndugu wa marehemu wanavyofika na kufuli kabla arobaini haijaisha. Habari hiyo ilinikaa kichwani kuliko kesi ya Wennerström.

Nakala yangu nilinunua Mtwara mjini, kwa kijana anayetandika vitabu vya mtumba juu ya turubai. Alitaja elfu nane, nikampa elfu sita, na jalada la nyuma halipo. Kwa bei hiyo sina lawama. Ukinunua chakavu kama changu, hesabu kurasa za mwisho kabla hujatoa hela, maana riwaya ya upelelezi iliyochanika mwishoni ni hasara tupu. Cha pili cha mfululizo anacho, kinene kuliko hiki, anataka elfu kumi. Nimemwambia anisubiri malipo ya pili ya msimu.